Jina la chuo kikuu hujengwaje, na huvujia wapi

Katika orodha ya vyuo vikuu inayotolewa kila mwaka na kampuni ya QS ya Uingereza, alama 30 kati ya 100 hazitokani na kipimo chochote cha maabara, maktaba wala darasa. Zinatokana na maoni. QS huwauliza wasomi wa nchi mbalimbali ni vyuo gani wanavihesabu kuwa bora katika fani zao, na hakuna anayeruhusiwa kukitaja chuo chake mwenyewe. Alama nyingine 15 hutokana na maoni ya waajiri. Karibu nusu ya nafasi ya chuo, basi, inategemea kama mtu aliyeko Seoul au São Paulo, anayefanya kazi inayofanana na yako, amewahi kukutana na jina la chuo chako na likamkaa kichwani.

Kitengo cha uhusiano hakiwezi kumfikia mtu huyo. Bingwa wa kifua kikuu wa Seoul hasomi vipeperushi vya vyuo. Anasoma makala za fani yake, anakaa kwenye kamati zinazohakiki maombi ya ruzuku, anahudhuria mkutano mmoja au miwili kwa mwaka, na anasimamia wanafunzi wa uzamivu waliotoka nchi kadhaa. Jina humfikia kwa njia hizo nne, na zote huenda polepole. Chuo kinapotangaza mpango mkakati wa kuingia kwenye 500 bora ndani ya miaka mitano, wanaoijua shughuli hii hutabasamu tu.

Makerere: kazi ya nusu karne

Katika ukanda wetu mfano ulio wazi kuliko yote ni Makerere. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa Uganda. Sampuli zilizosafirishwa kutoka huko ndizo zilizowezesha maabara moja ya London kugundua, mwaka 1964, kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Ugonjwa ukaitwa kwa jina la Burkitt, kirusi kwa majina ya watafiti wawili wa maabara ile ya London. Mulago ilibaki kwenye tanbihi. Tutairudia hali hii, kwa sababu haikuisha mwaka 1964.

Mwaka 1985 madaktari wa Uganda pamoja na wenzao wa Uingereza walichapisha kwenye jarida la The Lancet makala kuhusu ugonjwa wa kukonda ambao wananchi wa kusini mwa nchi waliuita Slim, na uhusiano wake na kirusi ambacho leo tunakiita VVU. Safari hii mwandishi wa kwanza alikuwa Mganda, David Serwadda, na Nelson Sewankambo alikuwa mmoja wa wenzake. Kabla miaka ya 1980 haijaisha, wawili hao walishirikiana na Maria Wawer na Ronald Gray wa vyuo vya Marekani kuanzisha mradi wa utafiti wilayani Rakai. Tangu mwaka 1994 mradi huo umekuwa ukizirudia jamii zile zile, kuwahoji watu na kuwapima, raundi baada ya raundi.

Kazi hiyo haina mvuto wowote wa kuitisha waandishi wa habari. Lakini swali lilipokuja la kama tohara huwakinga wanaume dhidi ya VVU, Rakai kulikuwa tayari na maabara, wahudumu waliofunzwa, kumbukumbu za miaka mingi na wananchi waliowaamini watafiti. Waliweza kuandikisha wanaume 4,996. Kisumu nako, Chuo Kikuu cha Nairobi kikishirikiana na University of Illinois at Chicago na University of Manitoba kiliandikisha 2,784. Majaribio yote mawili yalisimamishwa Desemba 2006 kwa sababu faida ilikwisha kuonekana: hatari ya kuambukizwa ilipungua kwa takriban nusu au zaidi. Matokeo yalitoka kwenye The Lancet Februari 2007, na Machi mwaka huo huo WHO na UNAIDS zikatoa pendekezo lao. Tangu hapo ni vigumu kuandika waraka wowote wa tohara na VVU bila kuzitaja Rakai na Kisumu.

Mali ya Makerere katika habari hii ilikuwa ule ufuatiliaji wa muda mrefu. Jaribio lenyewe lilikuwa tunda lake. Jaribio huanza na kumalizika kwa miaka michache, na fedha zake huisha. Jamii inayofuatiliwa miaka thelathini huvutia swali jipya kila mara, na kila swali huleta mshirika mpya. Tena Serwadda na Sewankambo hawakuondoka. Wote wawili walikuja kushika uongozi wa shule na vitivo vya afya vya chuo. Watu wa aina hiyo wakihamia Atlanta au Geneva, jina huhama nao.

Makala ikishatoka

Tuseme utafiti umefanyika vizuri na makala imekubaliwa. Ili sifa irudi chuoni, lazima ipite kwenye kanzidata zinazoorodhesha makala na kuhesabu nukuu zake, hasa Scopus na Web of Science. QS na orodha nyingine kubwa, ya Times Higher Education, hutumia Scopus. Bomba hili huvuja kwenye viungo ambavyo wakuu wengi wa vyuo hawavijui.

Kiungo cha kwanza ni anuani ya taasisi chini ya jina la mwandishi. Muhimbili ni mfano mzuri wa ugumu wake. Kabla ya mwaka 1991 ilikuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha ikawa chuo kishiriki, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili, MUHAS. Pembeni yake ipo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ambako madaktari wengi wa chuo hutibu. Daktari mmoja anaweza kuandika hospitali kwenye makala hii, chuo kwenye ile, na jina la zamani kwenye ya tatu kwa sababu alinakili anuani kutoka andiko la miaka kumi nyuma. Kompyuta inaona taasisi tatu. Mulago na Makerere, au Kenyatta National Hospital na Chuo Kikuu cha Nairobi, mambo ni yale yale.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa. Chuo kitoe waraka wa ukurasa mmoja wenye jina rasmi moja, kwa tahajia moja, na kila mhadhiri na mwanafunzi wa uzamivu aliandike lilivyo. Kila mmoja ajisajili ORCID, namba ya bure ya tarakimu 16 inayomtofautisha Juma Hassan mmoja na mwingine. Mkutubi mmoja apewe kazi ya kukagua ukurasa wa chuo kwenye Scopus na kuomba majina yaliyotawanyika yaunganishwe. Apewe muda wa kazi hiyo hasa. Akiongezewa juu ya majukumu mengine matano haitafanyika.

Kiungo cha pili ni mpangilio wa waandishi. Katika sayansi za afya wa kwanza ndiye aliyefanya kazi kubwa, wa mwisho ndiye kiongozi wa kundi, na yule wa mawasiliano ndiye anayeandikiwa na dunia nzima. Tafiti nyingi za Afrika zinazofanywa na washirika wa nje zina Waafrika wengi, lakini wamekaa katikati. Kanzidata huwahesabu hata hao, hivyo orodhani chuo hakipungukiwi sana. Kinapopungukiwa ni kwenye maoni, maana bingwa wa Seoul humkumbuka wa kwanza na wa mwisho, na anapotafuta mzungumzaji wa mkutano au mhakiki wa ruzuku huwaandikia hao.

Kiungo cha tatu ni jarida lenyewe. Makala nzuri sana kwenye jarida la ndani ambalo halimo kwenye Scopus ni kama haikuandikwa, kwa macho ya wapangaji wa orodha. Hapo ndipo walaghai hupata mwanya: majarida yanayotuma barua pepe za kusifu, yanayoahidi kuchapisha ndani ya siku chache kwa dola mia mbili au tatu, bila uhakiki wa kweli. Mhadhiri anayesubiri kupandishwa cheo, na kamati inayohesabu idadi ya makala bila kuzisoma, hukutana hapo. Kanuni ya kupandisha vyeo ndiyo inayopaswa kubadilishwa kwanza. Semina za maadili peke yake hazijaweza.

Hati ya makubaliano haichapishi makala

Kabati za ofisi za makamu wakuu wa vyuo zimejaa hati za makubaliano zilizosainiwa mbele ya kamera. Nyingi zinasema pande mbili "zitashirikiana katika utafiti, ufundishaji na kubadilishana wanafunzi", na hazina jina la mtu, bajeti wala tarehe. QS wana kipimo chenye alama 5 kinachoangalia mtandao wa utafiti wa kimataifa, na ushirika hauhesabiwi mpaka pande mbili ziwe zimechapisha pamoja angalau makala tatu ndani ya miaka mitano. Hati 80 zisizozaa makala ni sifuri.

Ushirika unaozaa huanza kinyume chake. Watafiti wawili wana swali moja. Wanaandika kitu kidogo pamoja, mara nyingi kwa fedha za kuungaunga. Wanaomba ruzuku ndogo, kisha kubwa, na hati ya vyuo huja mwishoni kurasimisha kilichokwisha kuota. Muhimbili na Harvard walifuata njia ya namna hiyo: mwaka 1995 walianza jaribio la vitamini kwa zaidi ya wajawazito 1,000 wenye VVU jijini Dar es Salaam, matokeo yakaanza kutoka mwaka 1998, na kazi iliyoota juu ya msingi huo imeendelea kwa miongo.

Mikataba ya mradi ndiyo yenye meno, na ndiyo inayosomwa kwa haraka kuliko yote. Vifungu vinne hustahili mwanasheria wa chuo kukaa navyo usiku kucha. Cha kwanza, fedha za uendeshaji: umeme, ulinzi, mhasibu, intaneti. Taasisi ya Afya ya Marekani, NIH, kwa miaka mingi imeziwekea taasisi za nje ya nchi hiyo ukomo wa asilimia 8, wakati vyuo vya Marekani vyenyewe vimekuwa vikijadiliana viwango ambavyo mara nyingi huzidi asilimia 50. Kwenye dola 100,000 za kazi, chuo cha Dar es Salaam hupata 8,000 za kuendeshea ofisi. Cha Boston chaweza kupata 50,000 na zaidi. Mhadhiri asiyeingiza gharama ya mhasibu na ukaguzi kwenye bajeti ya moja kwa moja, pale inaporuhusiwa, anakitoza chuo chake bila kujua. Miradi mingi inayoonekana ya heshima huacha deni la umeme.

Cha pili ni sampuli. Damu ikishasafiri bila mkataba wa kuhamisha sampuli unaotaja itatumika kwa lipi, itahifadhiwa miaka mingapi na nani atakuwa mwandishi wa makala zitakazofuata, kuirudisha ni ndoto. Cha tatu ni takwimu: nani anashika nakala kamili, na je, mwanafunzi wa hapa ataweza kuziandikia tasnifu bila kuomba ruhusa ng'ambo? Cha nne ni hakimiliki ya uvumbuzi. Mwaka 2000 Kenya ilitikiswa na mgogoro baada ya kujulikana kwamba hataza ya chanjo ya majaribio ya VVU, iliyotokana kwa sehemu na utafiti wa wanawake wa Majengo, Nairobi, iliombwa Uingereza bila watafiti wa Kenya kuwamo. Mambo yalirekebishwa baadaye kwa makubaliano mapya, lakini baada ya kelele.

Vibali vya utafiti navyo vina foleni yake kwenye taasisi za serikali: COSTECH na, kwa afya, NIMR kwa Tanzania; NACOSTI kwa Kenya; UNCST kwa Uganda; juu yake kamati za maadili za kila chuo kilichomo. Mradi wa nchi tatu unaweza kuhitaji idhini sita au saba, na marekebisho ya dodoso moja huzirudisha zote mezani. Ratiba ya ombi la ruzuku isiyoweka miezi kadhaa kwa ajili hiyo itaanza na kuchelewa.

Kuna aina ya ushirika inayosifiwa sana ambayo faida yake kwa jina la vyuo vyetu ni ndogo: kampasi za kigeni. Carnegie Mellon ilianza Kigali mwaka 2011, IIT Madras ilifungua Zanzibar mwaka 2023. Kwa wanafunzi ni fursa halisi, na kwa serikali pia. Ila shahada ni ya Carnegie Mellon au ya IIT Madras, na sifa ya makala hurudi makao makuu. Linganisha na mpango wa Sweden na Makerere ulioanza mwaka 2000, ambapo mwanafunzi wa uzamivu alisimamiwa na pande mbili, akakaa sehemu ya muda Sweden na sehemu Kampala, huku kazi yake ikimngoja chuoni. Huyo alirudi. Akirudi anasimamia wengine, na anuani ya makala zake za miaka ishirini ijayo ni Kampala.

Panya wa Morogoro na kilima cha Mlimani

Si lazima jina lijengwe kwa ugonjwa wa kutisha. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilikuwa tayari na wataalamu wa panya waharibifu wa mazao, pamoja na uhusiano na University of Antwerp, shirika la APOPO lilipohamia Morogoro mwaka 2000. Kutoka hapo wametoka panya buku waliofunzwa kunusa mabomu ya ardhini, wakatumika Msumbiji na Kambodia, na wengine wanaonusa makohozi kutafuta kifua kikuu. Chuo cha ukubwa wa kati kikajulikana ng'ambo kwa jambo jembamba ambalo hakuna mwingine aliyekuwa nalo. Wanaoandika mipango mikakati yenye "maeneo 14 ya kipaumbele" wangefaa kutembelea mabanda yale.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata jina kubwa zaidi mapema zaidi, bila maabara. Kuanzia miaka ya 1960 idara ya historia chini ya Terence Ranger, kisha mijadala iliyowahusisha kina Walter Rodney, iliwafanya wasomi wa mabara mengine kuzungumzia shule ya historia ya Dar es Salaam. Taasisi yake ya Kiswahili nayo ndiyo rejea ya kwanza kwa idara za Kiswahili ulimwenguni. Sehemu kubwa ya sifa hii imo kwenye vitabu, kamusi na majarida ambayo kanzidata za kibiashara hazihesabu vizuri. Chuo kikiongozwa na jedwali la Scopus pekee, kitawanyima fedha watu wale wale waliokipa jina.

Orodha zinapodanganywa

Kila orodha ina tundu lake. Ile ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, hutoa alama 30 kwa tuzo za Nobel na medali za Fields za hisabati. Chuo kisicho nazo hupoteza alama hizo hata kifanye nini. Times Higher Education hudai makala 1,000 ndani ya miaka mitano kabla ya kukuorodhesha kabisa, kwa hiyo kutokuwemo huenda kukamaanisha udogo na si ubovu. Mwaka 2010 orodha hiyo iliiweka Alexandria University ya Misri nafasi ya 147, kwa nguvu kubwa ya makala za mtu mmoja zilizonukuliwa mno, nyingi zikiwa kwenye jarida alilokuwa akilihariri mwenyewe. Baadaye ikabidi kanuni zibadilishwe tena kwa sababu ya makala zenye waandishi zaidi ya elfu, ambazo ziliwapandisha washiriki wadogo kama vile wao ndio walioandika zote.

Njia ya mkato iliyoshamiri ni kununua anuani. Mwaka 2011 ilifichuliwa kwamba vyuo vya Saudi Arabia vilikuwa vikiwalipa wanasayansi wanaonukuliwa sana waandike majina ya vyuo hivyo kama taasisi yao ya pili, kwa kukaa huko wiki chache kwa mwaka. Mwaka 2023 chuo cha Córdoba cha Hispania kilimsimamisha kazi kwa miaka 13 mkemia wake aliyekuwa akitumia anuani za vyuo vya nje bila idhini. Upande wa pili, Utrecht haikuwasilisha takwimu zake kwa Times Higher Education mwaka 2023, na Zurich ikatangaza kujitoa mwaka 2024. Vyuo vyenye jina la miaka mingi vinaweza kumudu hilo. Chuo cha Dodoma au Eldoret bado kinahitaji kuonekana, hivyo ushauri wa kuzisusa orodha hauwafai wote sawa.

Yapo ya halali ya kufanya. QS huruhusu kila chuo kuwasilisha hadi anuani 400 za wasomi na 400 za waajiri wanaoweza kualikwa kutoa maoni. Vyuo vingi hujaza orodha hiyo dakika za mwisho kwa majina ya watu waliostaafu na barua pepe zilizokufa. Ikijazwa kwa uangalifu na waliowahi kuwa watahini wa nje, wasimamizi wenza na wahitimu walioajiriwa ng'ambo, inalenga watu wanaokijua chuo kweli. Kwa kuwa majibu hukusanywa kwa miaka mitano mfululizo, matunda yake hayaji mwaka wa kwanza.

Jambo lililobadilisha hesabu zote hivi karibuni ni fedha za Marekani. Mei 2025 NIH ilitangaza kusitisha utaratibu wa chuo cha Marekani kupokea ruzuku na kuigawa kwa mshirika wa nje, na kusema utakuja mfumo ambao mshirika atapata ruzuku yake mwenyewe iliyounganishwa na ile kuu. Vyuo vilivyozoea kutumiwa sehemu ya fedha, huku mhasibu wa Baltimore au Seattle akishughulikia taarifa zote, vinapaswa sasa kuwa na ofisi inayoweza kupokea fedha moja kwa moja: usajili kwenye mifumo ya serikali ya Marekani uliohuishwa kila mwaka, ukaguzi wa hesabu usio na hoja, manunuzi yanayokamilika kwa wiki na si kwa miezi, na mtu anayejua taarifa ya fedha inatakiwa tarehe ngapi. Ofisi hiyo ya watu watano au sita hujengwa kwa miaka miwili mitatu, na mishahara yake haitolewi na mfadhili yeyote kabla ruzuku haijapatikana. Ni lazima itoke kwenye bajeti ya chuo chenyewe, ikigombea fungu moja na ukarabati wa mabweni.